Kulinganisha Sauti za Gitaa la Besi: Somo la Kusikiliza

Katika masomo ya muziki tumezoea kumwuliza mtoto kama sauti ni ya juu au ya chini, kubwa au ndogo, kisha tukaishia hapo. Ubora wa sauti, yaani lile jambo linalotuwezesha kutofautisha zeze na filimbi hata zikitoa noti moja, aghalabu huachwa. Mimi nimepiga besi katika bendi ya dansi kwa miaka mingi, na naona gitaa hilo lafaa sana kuwazoeza wanachuo jambo hili.

Yafaa kwanza kujua linavyofanya kazi. Chini ya nyuzi za chuma hukaa pikapu (jina lililo sawa na la lile gari dogo la mizigo), nayo ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi ukitikisika huivuruga nguvu ya sumaku, na umeme kidogo huzaliwa katika waya ule, ukapelekwa kwenye amplifaya. Leo Fender wa Marekani alipotoa Precision Bass mwaka 1951 aliitia pikapu moja. Jazz Bass ya mwaka 1960 ilipewa mbili: moja upande wa shingo, nyingine karibu na daraja linalobeba nyuzi. Hii ndiyo zana yetu, kwani mpigaji huweza kuhama pikapu bila kubadili gitaa, nyuzi wala kidole. Karibu na daraja uzi hucheza kidogo. Mtetemo wa msingi hufifia, na ile midogo ya juu hujitokeza zaidi.

Priampu ni jambo jingine. Ni saketi ndogo ndani ya gitaa, yenye betri, mara nyingi ya volti 9. Music Man StingRay ya mwaka 1976 ni miongoni mwa besi za kwanza kutengenezwa kwa wingi zikiwa nayo. Kidhibiti cha kawaida kisicho na betri hupunguza tu ukali wa sauti. Priampu yaweza kuongeza ukali, na uzito pia. Hapa pana mtego. Priampu ikiwashwa, sauti huwa kubwa, na sikio la binadamu huipenda iliyo kubwa kidogo likidhani ni bora. Sharti mkufunzi apunguze amplifaya hadi sauti mbili zilingane, kabla ya kuuliza swali lo lote. Vivyo hivyo kwa pikapu ya darajani, ambayo ni dhaifu kuliko mwenzake.

Tena mpigaji akae nyuma ya pazia. Wanachuo wangu walipoliona gitaa, waliisifu ile iliyong'aa. Pazia lilipofungwa, mmoja wao, aliyekuwa ameambiwa tangu shule ya msingi kuwa hana sikio la muziki, alisema ya kwanza yatoka kifuani na ya pili puani. Nikageuza mpangilio mara kadhaa. Hakukosea hata mara moja. Huyo alikuwa amepimwa kwa kuimba, si kwa kusikiliza, na kwa kipimo hicho alikaa kimya katika vipindi vya muziki miaka yote ya utoto wake. Nadhani wako wengi kama yeye katika madarasa mtakayokabidhiwa.

Shule ya msingi haihitaji besi. Kaza waya juu ya vijiti viwili kwenye sanduku la mbao, uupige katikati, kisha karibu na kijiti, ukiongeza nguvu kidogo ili ukubwa wa sauti ulingane. Tofauti ni ile ile. Watoto wageuke nyuma, na maneno yao, yawe "imekauka" au "inalia kama bati", yaandikwe ubaoni kama yalivyotamkwa, kabla mwalimu hajatoa yake. Yule asiyeimba vizuri aulizwe mapema.