Kokoto Ndani ya Karai

Mlangoni pa chumba chetu palikuwa na vitu viwili ambavyo sikuvikuta katika orodha yoyote ya vifaa vya chekechea: mkebe uliojaa kokoto za ziwani na karai kuukuu la bati. Mtoto akiingia asubuhi huchukua kokoto moja mkebeni na kuidondosha karaini. Ta! Akija kuchukuliwa, huitoa karaini akairudisha mkebeni. Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani ni mchezo tu. Ilinichukua mwezi mzima, na robo saa moja ya hofu, kuelewa kwamba karai lile lilikuwa rejista na mlinzi kwa pamoja, na kwamba bibi aliyeliweka pale ndiye aliyekuwa chuo changu.

Ilikuwa Remba, kisiwa cha Kaunti ya Homa Bay, mwendo wa boti kutoka Mbita kupita Mfangano. Ni mwamba mdogo ndani ya Ziwa Victoria, Nam Lolwe kama Wajaluo wanavyoliita, uliofunikwa na nyumba za mabati zilizobanana mpaka majirani husikilizana wakikohoa. Hakuna shamba; karibu kila kinacholiwa, isipokuwa samaki, hushushwa kutoka kwenye boti. Watu wameletwa hapo na samaki hao, mbuta na omena: Wajaluo na Wasuba wa visiwani, familia zilizovuka kutoka Muhuru na Sori upande wa Migori, Waganda, Watanzania. Katika chumba kimoja nilikuwa na watoto waliolia kwa lugha nne, na Kiswahili ndicho kilichowapatanisha.

Nilifika nikiwa na miaka 21, nimesajiliwa kwenye kozi ya miaka miwili ya walimu wa chekechea walio kazini. Utaratibu huo una historia ndefu Kenya: kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kilianzishwa mwaka 1984, na vituo vya wilaya, DICECE, vikafuata mwaka 1985. Mwalimu alisoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Muhula ulipofunguliwa alirudi kwa watoto wake akiwa na mafunzo mapya na makosa ya zamani. Nilikuja na daftari, kalamu za rangi, na imani kwamba kazi yangu ni kufundisha herufi.

Mwenye kituo alikuwa mama mzee ambaye kisiwa kizima, wakubwa kwa wadogo, kilimwita Dani, yaani nyanya. Hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa amelea wanawe, wajukuu, na watoto wa wanawake wa omena kwa miaka mingi kabla yangu. Mimi aliniita Ticha tangu siku ya kwanza, akaniheshimu hivyo mbele ya watoto, kisha akaanza kunifundisha taratibu, bila kusema kwamba ananifundisha.

Somo la kwanza lilikuwa la mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri zaidi anga likiwa giza. Kwa hiyo kisiwa huishi kwa kalenda ya mwezi. Usiku wa giza, akina baba wako majini. Alfajiri akina mama wanapokea omena na kuianika kabla jua halijawa kali, na mtoto huletwa kwetu kabla hakujapambazuka vizuri, amebebwa na usingizi wake. Mbalamwezi ikirudi, kazi hupungua, watoto huchelewa kufika na huja wamechangamka. Ratiba niliyokuja nayo ilisema saa mbili ni nyimbo na saa sita ni kulala. Wiki ya giza niliwaamsha waimbe, wakalia wote kwa mpigo. Dani hakunikosoa. Alitandika mikeka tena, akasema, "Ticha, hawa usiku wao haujaisha." Hapo nikajua kwamba mtoto haanzii mlangoni pangu. Huja na usiku wa kwao, na mlezi asiyeujua usiku huo atamwita mtoto aliyechoka mtoto mbaya.

Somo la pili lilikuwa la kuaga. Mama wengi hupenda kutoroka mtoto akigeuka, ili asilie. Mimi niliona ni huruma, nikawa nawasaidia kwa kumwonyesha mtoto mdoli. Dani alilikataza jambo hilo kabisa. Kila mama alitakiwa kuinama, kumtazama mwanawe usoni na kumwambia: naenda kuanika omena, nitarudi. Mtoto alie akitaka kulia. "Anayeachwa kwa hila," Dani alisema, "hucheza huku akichungulia mlango." Nilihesabu siku. Mtoto aliyeagwa alilia wiki moja, kisha akaanza kumpungia mama mkono. Waliotorokwa waliendelea kuchungulia mlango kwa miezi. Kilio cha kweli huisha haraka kuliko utulivu wa kudanganywa, na sidhani ukweli huo unawahusu watoto peke yao.

Somo la tatu nililipata kwa daftari, na hapa nawashukuru pia wakufunzi wa likizo. Walitutaka tumchunguze mtoto mmoja kwa muda na kuandika. Niliandika kuhusu mvulana wa miaka minne: "Ni mkaidi, hasikii." Mkufunzi alipigia mstari neno mkaidi, akaandika pembeni: hili umelifikiri, hukuliona. Niliporudi kisiwani nilianza upya. Nikaandika: nimemwita mara tatu kutoka nyuma, hakugeuka, nimemgusa bega, amegeuka na kutabasamu, hukaa karibu na ngoma kuliko wenzake. Nilimsomea Dani. Alimwita mtoto, akamlaza pajani, akamtazama sikio. Lilikuwa na usaha. Mama yake alikuwa akilisafisha kwa kitambaa kila asubuhi, akidhani ni jambo la kawaida la watoto wanaooga ziwani. Alipotibiwa na sikio kukauka, mvulana yule aligeuka kila nilipomwita. Ningeshikilia neno langu la kwanza, angeanza shule akiwa na sifa ya ukaidi na ugonjwa usiojulikana.

Lakini somo lililonigeuza lilikuwa la kokoto.

Wiki moja mkufunzi alikuwa anakuja kunikagua. Nilikuwa nimepiga magoti ukutani, nachora chati ya herufi. Chumba kilikuwa na joto, nikafungua mlango uliofungwa kwa kamba ili hewa iingie, na sikuurudisha. Baada ya muda nikageuka kuhesabu vichwa: 23. Nikahesabu kokoto: 24. Nikajiambia kuna mtoto ametia mbili. Nikarudi kwenye chati.

Dani aliingia na sufuria ya uji. Alitazama karai, akatazama sakafu, akaitua sufuria.

"Ticha, nani hayupo?"

"Nadhani tumekosea kokoto, Dani."

"Kokoto haina miguu," alisema. "Mtoto anayo."

Sikumbuki jinsi nilivyotoka. Nakumbuka vichochoro vya mabati, harufu ya omena, na maji yakimetameta mwisho wa kila kichochoro, kwa sababu Remba kila njia huishia majini. Tulimkuta nyuma ya boti iliyopinduliwa kwa ukarabati, maji yamemfika magotini, anasukuma kipande cha ubao kama chombo chake. Alikuwa na miaka mitatu. Fundi alikuwa hatua chache kutoka pale, amempa mgongo, nyundo inagonga.

Dani hakunigombeza. Alimbeba, akamkausha miguu kwa kanga, akampa uji. Jioni alisema jambo moja tu: "Mama yake atakuja. Utamwambia wewe." Nilitamani aseme yeye, au tusiseme kabisa, mtoto alikuwa mzima na kavu. Nilimwambia yule mama yote: mlango, chati, hesabu niliyoipuuza. Alinyamaza kwa muda mrefu, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto. Kisha akaniuliza, "Kesho nimlete?" Nikamjibu, "Mlete." Akamleta. Hakuna cheti nilichowahi kupokea chenye uzito wa kokoto ambayo mtoto yule aliidondosha asubuhi iliyofuata.

Wageni wa visiwani huona chekechea kama mahali pa kuanzia masomo. Masomo yapo. Kila kokoto inayoanguka humfundisha mtoto kwamba kitu kimoja husimama kwa mtu mmoja, na huo ndio mzizi wa hesabu. Lakini palipo na maji pande zote, kazi ya kwanza ni uhai. Shirika la Afya Duniani huweka mahali salama pa kulelea watoto ambao hawajafikia umri wa shule, mbali na maji na chini ya mlezi anayefaa, miongoni mwa njia za kuzuia vifo vya kuzama. Dani hakusoma ushauri huo. Aliokota kokoto ufuoni.

Baadaye niligundua kwamba hekima yake ilikuwa na ukoo. Zamani katika maboma ya Wajaluo kulikuwa na siwindhe, nyumba ambamo watoto walilala chini ya uangalizi wa mama mzee aliyeitwa pim. Huyo ndiye aliyewapa hadithi, vitendawili, adabu na habari za ulimwengu. Mara nyingi alikuwa ametoka mbali, na ndiyo maana alijua mambo ambayo boma halikuyajua. Pwani nako, mwaka 1986, Bi Swafiya Said alianza Mombasa kazi ya kuwafunza wanawake wa mitaa yao wenyewe kuwa walimu wa chekechea, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mpango ule ukafika Zanzibar na Uganda. Walijifunza huku wakifanya kazi, mkufunzi akirudi madarasani mwao tena na tena, na vifaa vyao vikitokana na vifuu, mbegu, makopo na vitambaa. Nilipoisikia habari hiyo katika darasa la likizo nilicheka kwa furaha, kwa sababu sisi tulikuwa na maboya ya nyavu, vifuniko vya chupa na kokoto.

Ndiyo maana huniuma kusikia mtu akisema kulea watoto hakuhitaji kusomewa, eti kila mwanamke anajua. Dani hakuzaliwa anajua. Alijifunza kwa kutazama, kwa kupoteza, kwa kurekebisha. Huu ni ufundi kama wa kuunda boti: unasimama kando ya anayejua, unashika mbao mpaka mkono wako uelewe. Na fundi wa boti hulipwa; mlezi naye anastahili, na jukumu hilo lina mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba yetu ya 2010 limeweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti. Kwa mwananchi wa bara hiyo ni ibara ya sheria. Kwa mama wa omena anayeanika samaki alfajiri ni swali la nani anamtazama mwanawe sasa hivi, amefunzwa na nani, na je, amekula.

Vilevile sikubaliani na wanaosema chuo ni karatasi tupu. Dani alinifundisha kuona, na daftari likanifundisha kuthibitisha nilichokiona. Bila yeye ningekuwa na maneno yasiyo na mtoto ndani yake. Bila darasa, sikio la yule mvulana lingebaki kuwa ukaidi. Anayejifunza kazini anahitaji mikono miwili inayomshika: mmoja wa aliyetangulia na mmoja wa elimu iliyoandikwa.

Kuna jambo la jioni ile sijalisema. Yule mama alipoondoka na mwanawe, karai lilikuwa tupu. Dani alichukua kokoto moja mkebeni akaniwekea kiganjani. "Leo ulikuwa humu," alisema, "lakini yako haikuwamo. Kesho anza na yako." Tangu siku hiyo nilikuwa wa kwanza kudondosha kokoto kila asubuhi, na hesabu yetu ikawa ni watoto wote pamoja na mlezi.

Dani amesharudi kwao Muhuru. Magoti yalikataa boti. Kozi niliimaliza, cheti kimo sandukuni. Sasa mimi ndiye ninayepokea wasichana wanaokuja na kalamu zao za rangi. Siwaelezi mengi siku ya kwanza. Nafungua mlango giza likiwa bado zito, nainama kwenye mkebe, nachukua moja, naidondosha. Ta! Kisha naurudisha mlango, nafunga kamba, na kumsubiri mtoto wa kwanza.