Utomvu, Kahawa na Parseli

Muulize kijana wa Beni, mashariki mwa Kongo, ENRA ni nini, atakujibu: mbao. Hajakosea, maana kampuni hiyo imejulikana kwa misumeno na magogo tangu kabla hajazaliwa. Lakini herufi hizo nne zinatokana na maneno ya Kifaransa, Enzymes Raffinés Association, na kilichokuwa kikisafishwa ni papaini, unga wa utomvu wa papai bichi. Jina limebaki, kazi iliyolizaa imesahaulika. Kusahau huku kuna gharama yake. Ghala la zamani likiangushwa, iwe Beni au Butembo, hakuna anayeuliza lilikuwa la nini. Linaulizwa swali moja tu: hapo zitatoka parseli ngapi za kujengea?

Basi tuseme lilikuwa la nini. Kazi ya papaini ilianza alfajiri, kwa kuwa utomvu hutiririka vizuri kabla jua halijapanda. Mchanjaji alipitisha wembe juu ya ganda la papai lililo bado mtini, mistari michache isiyozama, na maziwa yake yakadondokea kwenye kitambaa au chombo kilichokingwa chini ya matunda. Chuma cha kawaida hakikutakiwa karibu, maana huuharibu utomvu. Ulioganda ulikwanguliwa ukapelekwa kukaushwa kwa moto wa taratibu, kwani moto mkali ungeua nguvu yote iliyokuwa inatafutwa. Harufu yake ilikuwa kali, ya uchachu, yenye kung'ang'ania nguo. Na mikono iliteseka: papaini huyeyusha protini, nayo haitofautishi nyama ya ng'ombe na ngozi ya kidole cha mtu. Nguvu hiyohiyo iliyochubua vidole vya wachanjaji ndiyo iliyolainisha nyama katika nchi za mbali na kuizuia bia isipatwe na ukungu inapopozwa. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa papaini duniani, na mipapai ya Beni ilichangia. Kilichosafirishwa kutoka hapa kilikuwa kimekwisha kupita mikononi mwa watu waliojua kupima joto, unyevu na usafi. Maarifa hayo ndiyo mali iliyopotea. Mabati ya ghala ni alama yake tu.

Mji wa Butembo nao ulizaliwa na kazi. Kampuni ya dhahabu ya MGL, Minière des Grands Lacs, iliundwa 1923, na mwaka unaotajwa kwa kambi yake ya Butembo ni 1928. Lakini miaka haitufikishi mbali kama hesabu ya tumbo. Wachimbaji walihitaji kula, na wakulima wa milima ya Lubero wakaona soko. Kutoka kwenye maharage na kabichi za kambini ikakua biashara ya mboga iliyofika Kisangani na hata Kinshasa, na kutoka kwenye mboga wakatokea wafanyabiashara Wanande ambao leo kila mtu anawasifu. Kambi ya mgodi, pamoja na ubaya wake wote, iliweka nyumba, karakana na duka mahali ambapo mtu hufika kwa miguu. Kuna watakaosema kwamba kutunza alama za kampuni ya kikoloni ni kutukuza viboko na kazi ya lazima. Pingamizi hilo lina uzito, na siombi sanamu ya meneja yeyote. Lakini matofali yalibebwa na vichwa vya wazee wetu. Tukiyavunja hatumwadhibu mkoloni. Tunafuta ushahidi wa jasho lao.

Yaliyofuata yanajulikana. Kahawa ilipanda bei, viwanda vya kukoboa vikajaa, viwanja vya saruji vya kuanikia vikapanuliwa. Kisha ugonjwa wa kunyauka ukaiua robusta shamba baada ya shamba, na mwaka 1989 mgao wa kimataifa wa kahawa uliokuwa unashikilia bei ukaanguka. Kakao ikachukua nafasi. Mwaka 2003 Beni na Butembo zikapewa hadhi ya miji. Tangu hapo yamejengwa maghorofa kwa maghorofa, chini duka, juu depo, na ndani shehena za Dubai na Guangzhou. Inauma kuona mji uliokuwa unakausha, unakoboa na kusafisha sasa unafungua maboksi tu, huku kakao yetu ikivuka mpaka wa Kasindi ndani ya magunia ili ikageuzwe chokoleti na wengine.

Ninachotetea ni hiki: ghala na kiwanja cha kiwanda kilichokufa kisikatwe parseli, bali kigeuzwe mtaa wa kuishi na kufanya kazi. Paa refu linalopitisha hewa, lililojengwa kwa ajili ya kahawa, linafaa kwa maseremala, washonaji, wasaga unga na wakaushaji wa kakao. Ukingoni zijengwe nyumba. Uwanja wa kuanikia uwe soko na mahali pa kukingia maji ya mvua. Jambo hili si ndoto ya Wazungu. Kweli, Wabelgiji waligeuza mgodi wao wa Winterslag, uliofungwa 1988, kuwa kituo cha utamaduni. Lakini Nairobi pia, mwaka 2003, ghala la kutengenezea magari lilifanywa GoDown, kituo cha wasanii, katikati ya eneo la viwanda.

Wengine watauliza umeme uko wapi. Jibu liko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ambako mtambo mdogo wa maji wa Hifadhi ya Virunga ulianza 2013, na kiwanda cha sabuni ya mawese kikaufuata. Mto ulitangulia, ajira ikafuata. Pingamizi la vita ni zito zaidi: nani ataweka fedha mahali ambapo watu wanalala wakiwa na mizigo imefungwa? Lakini waliokimbia vijiji vya Beni tayari wako mjini, na mkulima aliyepoteza shamba anahitaji kazi iliyo karibu na mahali anapolala kuliko mtu yeyote. Kuhusu fedha, tukumbuke miaka ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, wakati waumini na wafanyabiashara walipotengeneza barabara bila kungoja serikali. Uwezo huo haujapotea. Umehamia kwenye ghorofa la mtu mmojammoja. Mwenye ghala atasema parseli zinalipa haraka, naye anasema kweli. Hulipa mara moja. Karakana ishirini chini ya paa moja hulipa kodi kila mwezi, na paa linabaki lake.

Kinachotakiwa sasa ni kidogo: halmashauri za miji hii miwili zihesabu maghala yaliyosalia, ziandike kila moja lilikuwa la kahawa, papaini au dhahabu, na zisitie saini ramani ya kulikata lolote parseli kabla orodha hiyo haijabandikwa mlangoni pa ofisi.