Taa Nyekundu Huchelewa

Baba yangu aliendesha malori ya pamba tangu mimi sijaweza hata kusukuma ringi ya baiskeli kwa fimbo. Alikuwa anabeba marobota kutoka viwanda vya kuchambulia pamba vya huku kwetu hadi Mwanza, enzi ambazo barabara yote ilikuwa vumbi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipompakia kwenye Vitz yangu nilikaa wima kuliko kawaida. Nilitaka aone kwamba na mimi ni dereva.

Tulikuwa tunatoka Bariadi kwenda Lamadi, kule barabara yetu inapokutana na ile ya Mwanza na Musoma. Ni kilomita 70 na ushee, siku hizi lami tupu. Katikati ya safari baba akageuza uso kuelekea tundu la hewa.

"Kuna harufu," akasema.

"Harufu gani, baba?"

"Tamu. Kama sukari inaungua."

Niliangalia dashibodi. Hakuna taa. Nikamjibu jibu ambalo mpaka leo likinijia usiku najigeuza kitandani: "Baba, hii siyo Bedford. Gari za sasa zinajisemea zenyewe."

Alinyamaza. Mzee aliyemaliza ujana wake nyuma ya usukani alifunga mikono kifuani akatazama mashamba. Baada ya muda ikawaka taa nyekundu, na nilipopaki pembeni injini ilikuwa inatoa mlio kama mtu anayesaga meno.

Gari ilirudi Bariadi kwa kuvutwa. Fundi alipofungua alikuta silinda hedi imepinda, gasketi imekufa, na oili imechanganyika na maji hadi ina rangi ya chai ya maziwa. Rejeta ilikuwa na tundu dogo tu. Ile harufu tamu ilikuwa kulanti. Bili ilikula mshahara wangu wa ualimu wa miezi miwili, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba baba hakuniambia "nilikwambia." Alilipa bodaboda yake akaenda nyumbani.

Msomaji, kama una gari dogo la aina hii, litazame vizuri. Vitz yangu haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu inayokwambia injini bado ya baridi, na taa nyekundu inayokwambia imezidi. Katikati ya hizo mbili, ambako ndiko safari yote iliko, hakuna neno. Na hata magari mengi yenye mshale, mshale huo umetengenezwa utulie katikati wakati joto linapanda na kushuka, ili mwenye gari asipate wasiwasi bure. Taa ya oili nayo ni vilevile: huwaka pale mgandamizo umekaribia kwisha kabisa.

Ndipo nikaamua kufunga geji. Wengi mtaani wanaziona ni mapambo. Kuna kijana hapa mjini amefunga geji ya turbo kwenye gari lisilo na turbo, na mshale wake haujawahi kuvuka sifuri hata siku moja, lakini usiku unang'aa bluu na yeye roho yake nyeupe. Mimi nilitaka moja tu, ya joto la maji. Niliinunua Mwanza, duara la milimita 52, pamoja na sensa yake na kipande cha bomba cha kuishikilia.

Fundi umeme alikata mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoa maji ya moto kwenye injini, akachomeka kile kipande katikati, akakaza klipu mbili, kisha akafunga sensa. Waya aliupitisha kwenye tundu lenye kizuizi cha mpira ili bati lisije likaukata. Moto wa geji akautoa kwenye swichi, akaweka na fyuzi. Tukawasha. Mshale ukalala.

"Mwalimu, umeuziwa kopo," fundi akasema.

Baba alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, amekuja "kupita tu." Akauliza, "Hicho chuma umekipa erthi?"

Tukatazamana. Sensa ikikaa kwenye injini yenyewe, umeme unarudi kupitia chuma cha injini. Yetu ilikuwa imezungukwa na mpira pande zote. Fundi akavuta waya mwingine kutoka kwenye kile kipande hadi kwenye bodi, na mshale ukaamka: 40, 60, ukafika 82 hivi themostati ilipofunguka, ukapanda kidogo, feni ikazunguka, ukatulia. Nilifurahi kama mtoto. Nilimweleza baba kwamba huku kwetu tuliko juu kuliko Ziwa Victoria, maji ya sufuria huchemka kabla ya nyuzi 100, ila kwenye rejeta mfuniko unayabana, ndiyo maana yanavumilia zaidi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mzee anavyomsikiliza mwalimu.

Wiki chache baadaye tulikuwa tunakwenda Maswa, msibani. Mshale ulikuwa kwenye 90, mzuri kabisa. Kisha ukaanza kushuka. 80. 70. Nikamwambia baba, "Unaona? Upepo wa leo unapoza." Nilikuwa na ushahidi mbele yangu, wa namba, niliyoilipia mwenyewe.

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Nikamwona. Alikuwa anajiandaa kunyamaza tena.

"Baba, unasikia nini?"

"Ile harufu," akasema taratibu.

Nilipaki hapohapo na kuzima injini. Chini ya boneti, klipu moja ya kile kipande tulichokiongeza ilikuwa imelegea na maji yamekwisha kwa sehemu kubwa. Geji haikuwa mbovu wala haikudanganya. Sensa hupima kile kinachoigusa, na maji yalipoondoka ilibaki ikipima hewa, wakati injini inaungua nyuma yake. Na tundu lenyewe nililitengeneza mimi, kwa kutafuta usalama.

Tulikaa kivulini karibu saa nzima, kwa sababu mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi. Baba alinisimulia siku lori lilipomfia porini na pamba juu, alivyolala chini ya tela akisikiliza fisi. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Kisha tukakaza klipu, tukajaza maji tuliyoombwa tulipe na mama mmoja jirani, elfu moja, tukaondoka.

Geji bado ipo. Nimeongeza klipu ya pili kila upande, na naiangalia kila mara. Lakini kabla ya kuwasha gari nafungua tundu la hewa la upande wa abiria, na safari ikifika katikati namuuliza swali lilelile. Mara nyingi anajibu, "Hakuna kitu, endesha."

Siku hizi yeye naye ameanza kuniuliza: "Inasema ngapi?"