Kerezo la Babu

Babu alipostaafu ufundi wa reli alinunua kerezo kuukuu la Myford, lililotengenezwa Uingereza, kwa bei ya chuma chakavu. Bibi alinuna sana, maana fedha zile zilikuwa za mabati.

Kutu tuliitoa kwa mafuta ya taa. Shida ni kitanda chake: upande wa kichwa, ambako kazi hufanyika kila siku, kimelika; mwishoni ni kizima. Ukikaza kishika kisu kitulie huku, kule hukwama. Basi Babu hupaka buluu bamba lililonyooka, hulisugua kitandani, kisha hukwangua palipopata rangi. Miezi mitano sasa! (Nadhani kukwangua anakupenda kuliko kukereza.)

Jumamosi alikereza bushi ya mashine ya kusaga ya jirani, ikaingia barabara. Bibi alizipokea shilingi, akauliza bei ya mabati.