Deni la Karo Halitangazwi Langoni

Baadhi ya shule zetu sasa zimetundika runinga langoni na bwaloni badala ya ubao wa matangazo. Faida yake ni wazi. Ratiba ya mtihani ikibadilika, mtu mmoja huirekebisha kwenye kompyuta, na skrini zote huonyesha jambo lile lile.

Lakini mwezi uliopita nilitoka Kitale kwenda Bungoma kumtembelea mpwa wangu shuleni. Skrini ya langoni ilionyesha washindi wa voliboli, kisha orodha ya wenye deni la karo: jina na kiasi. Mpwa wangu alikuwa wa tatu. Alinisalimu bila kuinua uso.

"Mjomba, wenzangu husimama hapa kusoma," akasema.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Mwaka wa 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Naibu wa mwalimu mkuu aliniambia kwamba kijana wa kompyuta huweka kila anachopewa. Hapo ndipo penye kasoro. Kila tangazo likaguliwe na mwalimu, na siku ya kuliondoa ijulikane. Deni ni la mzazi; barua impate yeye.

Orodha iliondolewa jioni ile, lakini waliokwisha kuisoma hawataisahau. Wazazi wenzangu, mkienda kuwaona watoto, zisomeni skrini hizo.