Mkono unaopiga gita ndio unaotafuta chakula



Mwaka jana wengi mliuliza kwa nini sauti yangu haikusikika redioni kwa karibu majuma mawili. Wengine walisema nimekwenda Lubumbashi. Nilikuwa hapa hapa Kalemie, mkono wa kushoto nimeufunga kitambaa. Kilichoniumiza ni gita.

Nilitaka kujifunza namna ya kupiga ya wazee wa Katanga. Marehemu baba alimpenda sana Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya, ambaye wimbo wake «Masanga» ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mkono wake wa kuume ulitumia dole gumba na kidole cha shahada tu, lakini ukisikiliza unadhani ni watu wawili wanaopiga. Basi nikanunua gita kuukuu sokoni, nyuzi zake zimeinuka juu sana, nikawa napiga saa mbili nzima kila usiku nikitoka kazini.

Ncha za vidole ziliuma. Nikajiambia, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baada ya majuma matatu maumivu yakahamia kwenye kifundo cha mkono. Nikawa naamka usiku vidole vimekufa ganzi. Bado nikaendelea, nikidhani maumivu ndiyo bidii. Asubuhi moja kule Kituku, nikiwauliza wavuvi bei ya ndagala, kinasa sauti kikaniponyoka, kikaingia majini. Kilikuwa mali ya redio. Nilikilipa kidogo kidogo kwa miezi minne.

Mganga wa kituo cha afya aliniambia nipumzishe mkono. Sababu ya ugonjwa nilielezwa na mzee mmoja anayepiga gita kanisani. Aliniomba nipige mbele yake. Sikufika nusu ya wimbo. «Mwanangu,» akasema, «shingo ya gita unaikaba kama ya kuku wa kuchinja.»

Aliyonifundisha ni haya. Weka kidole karibu kabisa na kile chuma cha shingoni, usikiweke katikati ya vyuma viwili. Hapo uzi unalia kwa nguvu ndogo. Bonyeza polepole mpaka sauti itoke safi, kisha usiongeze. Dole gumba likae nyuma ya shingo kwa kuegemea tu. Kifundo cha mkono kisipindwe sana: inua shingo ya gita kidogo, na usiilaze gita mapajani ili kutazama vidole. Mabega nayo yashuke. Piga dakika 10, weka chini, kunjua vidole, pumzika, ndipo urudie. Mara tatu kwa siku namna hiyo ni bora kuliko saa mbili mfululizo.

Akanionyesha pia kutofautisha maumivu. Ngozi ya ncha za vidole kuuma mwanzoni ni kawaida. Inakuwa ngumu baada ya majuma machache. Lakini kifundo kikiuma, ukisikia ganzi au miiba vidoleni, au mkono ukikosa nguvu, acha siku hiyo hiyo. Ukipumzika siku kadhaa na hali haibadiliki, nenda kituo cha afya.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja niliyemkuta kambini Katanika. Gita yake aliitengeneza mwenyewe kwa mkebe wa mafuta, ubao, na nyaya za freni ya kinga. Nyaya hizo ni ngumu kuliko nyuzi za dukani. Mchana anaponda mawe ya kuuza kwa wajenzi, jioni anashika gita na mikono bado inatetemeka. Nikaona kifundo chake kimevimba.

Mama yake akaniita pembeni. «Baba mwandishi, nyumba tuliiacha, mashamba tuliyaacha. Huyu akiharibu mkono, nani atatupondea mawe? Mwambie aache.»

Sikuweza kumwambia aache. Kila nikipita pale, watoto wa nyumba za jirani wamemzunguka, na kwa muda huo hakuna anayeulizia chakula. Lakini mama naye alisema kweli. Mkono wangu ulipouma, nilipoteza kinasa sauti. Wake ukiuma, nyumba nzima inalala njaa.

Nikarudi na yule mzee. Akakwangua kidogo kibao kinachoinua nyaya ili zikaribie shingo, akazilegeza zishuke sauti. Kijana akajaribu, akacheka: kidole hakipigani tena na waya. Tukapatana kwamba atapiga asubuhi, kabla ya mawe, mikono ikiwa bado mizima. Siku ya kubeba mawe mengi, gita inabaki ukutani.

Juma lililopita nilipita tena. Uvimbe umeshuka. Saa hawana, lakini mama anachemsha maji ya uji karibu yake, na yakianza kutokota anasema, «Basi.» Siku hiyo wimbo ulikuwa haujaisha. Kijana aliweka gita chini, akakunjua vidole, akachukua nyundo.