Motokaa ya Mdogo Wangu na Mafuta ya Miwa

Ndugu msomaji, katika familia nyingi za mjini yumo kijana mmoja ambaye mshahara wake huishia katika motokaa. Kwetu kijana huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anayo Subaru yenye tabo, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika huko Japani, na kwa jinsi anavyoitunza sina neno la kumlaumu: huiosha kwa mikono yake, hubadili oili kabla ya wakati, na fundi wake wa Gerezani humtambua kwa sauti tu. Mwaka huu alitujia na jambo jipya. Alitaka kuigeuza ile gari iache petroli na kutumia alkoholi, yaani ethanoli itokanayo na miwa. Fedha za kazi hiyo alikwisha kuziona ziliko: ni mchango wake wa mabati ya nyumba ya mama, kule Njombe, ambao angeuchelewesha "kidogo tu."

Shangazi aliuliza kama sasa gari itakunywa gongo. Shemeji, mkewe yule kijana, alicheka pamoja nasi, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulitosha kutuonyesha kwamba jambo hili halikuwa la mzaha nyumbani kwao. Kwa kuwa mimi hula kwa kuuliza watu maswali, familia ilinituma nikauchunguze ukweli: je, kijana ana akili timamu au hana? Basi nikasoma, na jioni kadhaa nikaketi juu ya debe la oili pale gereji nikimhoji fundi. Niliyoyapata naona yafaa niyaweke mbele yako, maana vijana wa namna hii hawako kwetu tu.

Kwanza nimtetee. Katika habari ya nguvu, mdogo wangu hakukosea hata kidogo. Injini ya petroli hufanya kazi kwa kuibana hewa iliyochanganyika na mafuta, kisha plagi ikatoa cheche na mchanganyiko ule ukaungua. Kadiri unavyoibana zaidi ndivyo upatavyo nguvu zaidi. Na tabo kazi yake ni hiyo hasa, kusukumia hewa nyingi ndani ya silinda. Lakini petroli ina mpaka wake. Ikibanwa kupita kiasi huwaka yenyewe kabla ya wakati, na hapo ndipo mafundi husema injini "inagonga." Injini yenye tabo ikigonga kwa muda mrefu hutoboka pistoni. Uwezo wa mafuta kustahimili kubanwa hupimwa kwa namba iitwayo oktani. Petroli nyingi za vituoni huwa kati ya 91 na 98. Ethanoli hupita 105. Tena, alkoholi ikigeuka kuwa mvuke hunyonya joto jingi kupita petroli, kama vile spiriti inavyoipoza ngozi yako kabla ya kuchomwa sindano hospitalini. Hewa iingiayo katika silinda hupoa, hujikusanya, na nafasi ya kuongeza nguvu hupatikana.

Wenzetu wa Sweden walilionyesha hilo wazi. Mwaka 2005 kampuni ya Saab ilitoa gari ya familia, 9-5 BioPower, yenye injini ya lita 2 na tabo. Ikinywa petroli ilitoa nguvu za farasi 150. Ikinywa mafuta yenye ethanoli sehemu 85 kwa mia ilitoa 180, kwa injini ile ile. Huko huko Sweden, mwaka 2007, Koenigsegg walitengeneza CCXR, motokaa ya matajiri wachache sana, iliyopata farasi 1,018 kwa mafuta hayo, hali ndugu yake wa petroli, CCX, alikuwa na 806. Nilipomweleza fundi habari hii alifuta mikono kwa kitambaa na kusema, "Kaka, hayo mimi najua. Mwulize mdogo wako atakunywesha nini gari wiki ya pili." Nililiweka swali hilo moyoni.

Sasa tuje kwenye gharama. Lita moja ya ethanoli ina takribani theluthi mbili tu za nishati iliyomo katika lita moja ya petroli. Petroli huungua sawasawa kwa kilo moja ya mafuta na kilo 14.7 za hewa. Ethanoli huhitaji kilo 9 tu za hewa. Maana yake ni kwamba kwa hewa ile ile injini inadai mafuta mengi zaidi, kiasi cha lita moja na nusu mahali pa moja. Ukimimina alkoholi katika tangi bila kubadili kitu, mafuta hayatoshi, injini hukosa nguvu, hukatakata, na penye tabo yaweza kupata joto la kuiua. Kwa hiyo sharti ubadili nozeli zinazopulizia mafuta, uweke kubwa zaidi. Sharti pampu yenye uwezo. Kisha sharti mtu ajuaye kazi yake aketi na kompyuta ya gari na kuiandikia upya vipimo vyote, mafuta kiasi gani na cheche wakati gani. Kazi hii ya mwisho ndiyo ya bei, na ndiyo ambayo watu hupenda kumpa fundi wa mkato.

Zaidi ya hayo alkoholi ina tabia zake. Huvuta maji kutoka hewani. Hula baadhi ya metali na huifanya mipira ya zamani ivimbe na kupasuka. Huosha uchafu uliolala miaka mingi ndani ya tangi na kuupeleka kwenye chujio, likaziba ukiwa njiani. Oili nayo hubadilishwa mapema zaidi. Haya yote yana dawa, na fundi alizitaja moja moja. Nami sikuona hata moja iliyokuwa ya kumshinda kijana mwenye kazi.

Liko na suala la baridi. Alkoholi haitoi mvuke wa kutosha kukiwa na ubaridi, na hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, injini huanza kuwa nzito kuwaka. Dar es Salaam hilo halitusumbui, hata mwezi Julai. Lakini mama yuko Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai mtu hatoki bila koti, na sisi huenda kumwona miezi hiyo shule zinapofungwa.

Nchi iliyoyapitia haya yote kabla yetu ni Brazili, na habari zake ndizo zilizonifanya niache kucheka. Bei ya mafuta ilipopanda mara nne mwaka 1973 na 1974, Brazili ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya mafuta yake ng'ambo kwa fedha za kigeni. Ilikuwa na miwa tele, na bei ya sukari duniani ilikuwa imeanguka. Tarehe 14 Novemba 1975 serikali ya Rais Ernesto Geisel ilitangaza mpango uitwao Proálcool. Mhandisi Urbano Ernesto Stumpf na wenzake, katika kituo cha utafiti cha jeshi la anga mjini São José dos Campos, walikuwa wakizishughulikia injini za alkoholi, na mwaka 1979 kiwanda cha Fiat kilianza kuuza motokaa ya 147 inayotumia alkoholi tupu. Kwa sababu ya baridi, magari ya namna hiyo yaliwekewa kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia injini asubuhi. Katikati ya miaka ya 1980, katika kila motokaa 10 mpya zilizouzwa nchini humo, zaidi ya 9 zilikuwa za alkoholi.

Halafu ukaja mwaka 1986, bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Baadaye bei ya sukari ikapanda, na wenye viwanda, kama mfanyabiashara yeyote, wakapeleka miwa kwenye sukari. Mwishoni mwa mwaka 1989 alkoholi iliadimika vituoni. Hebu fikiri, ndugu msomaji: baba wa familia aliyenunua gari kwa mkopo, gari ambayo haiwezi kunywa kitu kingine, yupo kwenye foleni, petroli ipo pampu ya jirani, nayo haimfai kitu. Gari yake haikuwa na ubovu wowote. Watu waliingiwa na hofu, na katika miaka ya 1990 mauzo ya magari ya alkoholi yalishuka hadi karibu kutoweka.

Imani ilirudi mwaka 2003, Volkswagen ilipotoa Gol inayoweza kunywa petroli, au alkoholi, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili. Kompyuta yake huonja moshi utokao na kutambua dereva ametia nini. Tangu hapo Mbrazili hufika kituoni akapiga hesabu: bei ya alkoholi ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, hutia alkoholi, ikizidi, hutia petroli. Nampenda mtu huyu anayepiga hesabu. Kiwanda cha sukari hakimwezi, wala mchimba mafuta.

Na Afrika yetu hii haikulala. Malawi ilianza mwaka 1982 kuchanganya petroli na ethanoli ya Dwangwa, karibu na ziwa. Kenya nayo ilichanganya ethanoli ya Muhoroni, upande wa Kisumu, kuanzia mwaka 1983 hadi mpango ulipokufa mwaka 1993. Mafuta hayo yalitokana na molasisi, ule uji mweusi ubakio sukari ikishatolewa, hivyo hakuna aliyenyimwa sukari ya chai. Kenya ilitia sehemu 10 hivi kwa mia, kiasi ambacho magari ya kawaida huweza kukinywa bila kubadilishwa nozeli hata moja. Binafsi naona hiyo ndiyo njia ya nchi maskini: wote wanywe kidogo, kuliko mmoja anywe peke yake.

Nikarudi kwa mdogo wangu na kalamu. Katika jiji letu sijapata kuona kituo chenye pampu ya ethanoli. Spiriti ya dukani huuzwa kwa chupa, kwa bei ya dawa. Gongo ni kosa la sheria, tena ina maji mengi. Kutoka hapa hadi Njombe ni kama kilomita 700. Gari yake hula lita moja ya petroli kwa kilomita 10. Basi lita 70. Kwa alkoholi ni lita 100, na tangi lake ni la lita 60. Lita 40 zilizobaki zitakwenda kwenye madumu ndani ya buti, nyuma ya viti vya watoto, na kule Njombe hakuna pa kujaza za kurudia.

"Kaka," alinijibu, "basi nitaifanya inywe vyote viwili. Kipo kidude kinafungwa kwenye bomba la mafuta, kinapima alkoholi ni kiasi gani na kuiambia kompyuta."

Kweli kipo. Shemeji, aliyekuwa akimenya viazi, aliuliza kama kidude hicho ndicho kile cha askari wa usalama barabarani. Tulicheka sote, hata mwenye gari. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama gari itakayonywa petroli mwaka mzima kwa kukosa alkoholi itakuwa na tofauti gani na hii iliyopo mlangoni. Mumewe hakumjibu usiku ule.

Siku tatu baadaye alileta mchango wa mabati, nusu yake. Nusu nyingine alibadilishia pampu na mipira ya mafuta, ambayo fundi alisema ilikuwa imechakaa kwa vyovyote, na akachagua ya aina isiyoogopa alkoholi. Nozeli hajanunua. Amekiandikia barua kiwanda kimoja cha sukari akiuliza kama kinaweza kumwuzia pipa moja kila mwezi, na hadi ninapoandika makala haya hajajibiwa. Mabati yalipakiwa juzi.